Je, Wajua? Si Kila Anayekoroma Amelala

Je, wajua kuwa mofini, kodeini, tramadoli, pethidini, fentanili, methadoni na heroini ni ukoo mmoja? Zote ni jamii ya afyuni. Nyingine zimetoka kwenye utomvu wa mpopi, nyingine zimetengenezwa maabara bila mmea kuhusika, lakini zikifika mwilini zinakalia vipokezi vilevile. Ndiyo maana bibi aliyezidisha vidonge vya mgongo na kijana aliyezidisha unga maskani, japo watu huwatazama kwa macho tofauti, wanapatwa na hatari moja na wanaokolewa kwa njia moja.

Je, wajua kinachowaua ni nini? Wanakufa kwa sababu wameacha kupumua. Kwa kawaida hewa chafu, yaani kabonidayoksaidi, ikijaa kwenye damu, shina la ubongo hushtuka na kuamuru mapafu yavute pumzi nyingine. Amri hiyo hutolewa usiku na mchana bila mwenyewe kujua. Dawa za jamii ya afyuni zikizidi, shina la ubongo halishtuki tena. Pumzi zinapungua, zinakuja moja moja, mwisho hazipo. Moyo huendelea kupiga kwa dakika chache baada ya hapo, na katika dakika hizo hata mtu asiye daktari, asiye na dawa wala sindano, anaweza kumrudisha mwenzake.

Je, wajua dalili kuu ni tatu tu? Mgonjwa hazinduki hata ukimwita kwa jina lake na kumsugua kwa nguvu mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Mboni za macho zimenywea hadi zimebaki nukta. Na pumzi ni chache: mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo ukihesabu ukapata 6 au 8, usisubiri dalili nyingine. Vitabu vingi vinasema midomo hugeuka bluu. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwetu, fungua mdomo utazame ufizi na upande wa ndani wa mdomo wa chini, kisha kucha na viganja. Hapo ndipo utaiona rangi ya majivu.

Je, wajua kuwa mkoromo unaweza kuwa sauti ya mtu anayekabwa? Hili natamani lingesomwa kwa sauti kila nyumba yenye mgonjwa. Dawa inapozidi, misuli ya koo hulegea, ulimi huangukia nyuma na kuziba nusu ya njia ya hewa. Hewa kidogo inayopenya hapo hutoa mkoromo mzito, wakati mwingine wenye majimaji kooni. Watu wa nyumbani wanaousikia hufarijika: mgonjwa wetu leo maumivu yamempa nafasi, amelala.

Chukua nyumba yoyote. Bibi kafungua fundo la kanga, katoa kidonge cha mgongo, na viwili vimedondoka kwenye mkeka bila yeye kuviona. Vilitoka dukani ndani ya kibahasha cha karatasi kilichoandikwa "1x2" basi, bila hata jina la dawa. Mjukuu wa miaka miwili kaviokota. Baada ya saa moja mama wa mtoto anapita sebuleni. "Mama, mbona huyu kalala mapema leo?" Bibi anamjibu, "Mwache alale, mwanangu, amecheza sana." Maneno ya upendo kabisa, na yanaweza kuwa ya mwisho kusemwa juu ya mtoto huyo akiwa hai. Ukitaka kujua kama ni usingizi, mwamshe. Mtoto aliyelala atakunja uso, atalia, atausukuma mkono wako. Asipofanya lolote, usimrudishe kitandani.

Je, wajua cha kwanza kufanya? Ita watu, gari litafutwe, wewe baki na pumzi ya mgonjwa. Mlaze chali, inua kidevu chake ili ulimi uondoke njiani, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza hadi uone kifua kinainuka. Mtu mzima mpulizie mara moja kila sekunde 5 au 6. Mtoto mpulizie upesi zaidi, kila sekunde 2 hadi 3. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako unafunika mdomo na pua yake kwa pamoja, na unatoa hewa ya mashavu tu, kwa sababu mapafu yake ni madogo. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, uso uelekee chini kidogo ili akitapika matapishi yatoke. Asipopumua na asipoonyesha dalili yoyote ya uhai, kanda kifua huku ukiendelea kumpulizia.

Na njiani? Wengi wetu hatuna gari la wagonjwa, tuna bajaji na bodaboda. Mgonjwa akibanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, kichwa kinaning'inia mbele, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inafungwa safari nzima. Anafika hospitali amekwishakata roho kumbe wangempata hai. Bajaji ni afadhali: mmoja akae nyuma na mgonjwa, mkono ukishikilia kidevu kikiwa kimeinuka, macho yasitoke kifuani.

Je, wajua kuwa maziwa hayaondoi sumu hii? Maziwa yana heshima kubwa kwetu kila linapotajwa neno sumu, na heshima hiyo imeua watu. Asiyejitambua hamezi, unachomnywesha kinaingia mapafuni. Ni hivyo hivyo kwa maji ya chumvi, ndimu, mafuta ya kula na chochote cha kutapisha. Maji baridi ya kumwagia mwilini, makofi, kumnyanyua na kumtembeza uwanjani, vyote vinakula dakika ambazo zilikuwa za kupuliza pumzi.

Usidhani mambo hayo ni ya uswahilini pekee. Madaktari wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19 waliwatibu waliozidisha afyuni kwa kahawa nzito, taulo za maji na kuwatembeza kwa nguvu usiku kucha. Friedrich Sertürner, Mjerumani aliyetenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne hiyo, aliijaribu kwa kujinywesha yeye na vijana watatu, kisha walipozidiwa akatumia siki kali ili watapike. Walikuwa na bahati tu.

Je, wajua kuwa dawa ya kweli ipo, na ina zaidi ya miaka 60? Inaitwa naloksoni. Jack Fishman na Mozes Lewenstein waliiombea hataza mwaka 1961, na Marekani ikaidhinisha matumizi yake mwaka 1971. Kazi yake ni moja: inakwenda kwenye vipokezi, inaisukuma nje dawa ya afyuni iliyokalia pale, na kukalia nafasi yenyewe bila kulegeza pumzi. Ikipita kwenye mshipa, mgonjwa anaweza kuvuta pumzi ndani ya dakika moja au mbili. Ikichomwa kwenye msuli au kupulizwa puani, subiri dakika kadhaa. Ukimpa mtu ambaye kumbe hakutumia dawa za ukoo huu, haimdhuru. Dawa chache sana kwenye kabati la hospitali zinaweza kusemwa hivyo.

Naloksoni ikimezwa, karibu yote huharibiwa na ini kabla haijafika kwenye ubongo. Usitafute kidonge chake.

Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 1983. Mwaka 2014 shirika hilohilo lilipendekeza wapewe hata watu wasio wahudumu wa afya, yaani ndugu, marafiki na watumiaji wenyewe, kwa sababu hao ndio wanaokuwepo pumzi inapokatika. Scotland ilikwishaanza kuigawa nchi nzima mwaka 2011. Marekani imeruhusu ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari tangu 2023. Kwetu bado inafungiwa hospitalini, na mara nyingi kwenye hospitali kubwa. Mimi naona hilo ni kosa linalogharimu roho za watu, na si kosa gumu kulirekebisha: chupa yenyewe ni ndogo kuliko kidole gumba, na kuchoma sindano kwenye paja mtu hufundishwa mchana mmoja.

Fishman mwenyewe aliyaona machungu hayo. Mwaka 2003 mtoto wake wa kambo alifariki huko Marekani kwa kuzidisha heroini. Dawa aliyoigundua baba yake haikuwa karibu.

Je, wajua kuwa mtoto mdogo anaweza kupewa naloksoni nyingi kuliko dozi ya kuanzia ya mtu mzima? Mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 0.4, ikirudiwa kila dakika 2 au 3 hadi apumue. Mtoto hupimiwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake, isizidi 2 kwa mara moja. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 1, ambazo ni vichupa viwili na nusu vya kawaida. Sababu ni kwamba mwili wa mtoto aliyeokota kidonge haujazoea afyuni, hivyo hakuna haja ya kumwonea huruma: unaiondoa yote. Kwa mtu mzima aliyezoea, dozi kubwa ya ghafla humtupa kwenye arosto kali, anatapika, anatetemeka, anaamka na hasira na kutaka kuondoka. Daktari mzoefu humpa kidogo kidogo. Anachotafuta ni pumzi, na mgonjwa akipumua vizuri anaweza kuachwa na usingizi wake.

Mtoto mwenye selimundu au saratani anayetumia mofini kwa maumivu naye hupewa kidogo kidogo, kwa sababu ukiiondoa dawa yote, maumivu yote yanarudi kwa mkupuo.

Vipi mtoto aliyezaliwa amelegea baada ya mama kuchomwa pethidini akiwa kwenye uchungu? Zamani walikimbilia naloksoni. Siku hizi wakunga hufundishwa kumsaidia kupumua kwanza kwa puto na barakoa, na hilo pekee huwatosha wengi. Kama mama ni mtumiaji wa muda mrefu wa heroini au methadoni, naloksoni inaweza kumtia mtoto degedege.

Je, wajua kuwa mgonjwa anaweza kuzinduka, akaongea, akaomba chai, kisha akafa? Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na vidonge vya mofini vya kutoa dawa polepole hukaa nusu siku au zaidi. Naloksoni ikiisha, dawa ya kwanza inarudi kwenye kiti chake na pumzi inapungua upya. Hospitalini hutundika dripu ya naloksoni, kwa kawaida kila saa ikitoa theluthi mbili ya kiasi kilichomzindua mgonjwa. Kwa hiyo aliyezinduka asirudishwe nyumbani kwa kuwa anaonekana mzima.

Mwanamuziki Prince alizimia ndani ya ndege yake tarehe 15 Aprili 2016. Ndege ikatua kwa dharura, akachomwa naloksoni, akapona, akatoka hospitali. Tarehe 21 alikutwa amekufa nyumbani kwake Minnesota. Vidonge alivyokuwa navyo vilikuwa bandia, ndani mna fentanili, ambayo ina nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini.

Je, wajua yaliyotokea Moscow mwezi Oktoba 2002? Watu wenye silaha waliteka ukumbi wa maonyesho wa Dubrovka wenye watazamaji mamia. Vikosi vya serikali vikaingiza gesi ya kulevya. Miaka kumi baadaye wanasayansi wa Uingereza walipima nguo na mkojo wa manusura wakakuta karfentanili na remifentanili, ndugu wa fentanili. Mateka wapatao 130 walikufa, karibu wote kwa gesi hiyo. Wahudumu wa afya hawakuambiwa ni dawa gani. Wengi waliotolewa nje walilazwa chali barabarani na kwenye mabasi, ulimi na matapishi vikawakaba. Wangelazwa ubavu, naamini baadhi yao wangekuwa hai leo.

Turudi nyumbani. Je, wajua kuwa tembo na faru wetu hulazwa kwa dawa ya ukoo huuhuu? Inaitwa etorfini, na nguvu yake inazidi mofini mara elfu na ushee. Miaka ya 1960 daktari wa wanyama A. M. Harthoorn, aliyefanya kazi Uganda na Kenya, alikuwa miongoni mwa walioanza kuitumia kwa kupiga wanyama mishale ya dawa. Hadi leo madaktari wa wanyamapori hawapigi mshale kabla dawa ya kumzindua mnyama haijawa mkononi, kwa ajili ya mnyama, na nyingine kwa ajili yao wenyewe ikitokea tone limewaingia. Na faru akishaanguka, kuna mtu wa kumhesabia pumzi tu. Naupenda utaratibu huo kwa moyo wote, na ninausubiri wodini.

Haya, haraka haraka. Je, wajua kuwa kodeini yenyewe haitulizi maumivu mpaka ini liigeuze kuwa mofini? Watu wengine maini yao hufanya kazi hiyo kwa kasi ya hatari. Utafiti wa mwaka 1996 ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 waliopimwa nchini Ethiopia wana nakala za ziada za jeni ya kazi hiyo. Watoto kadhaa duniani walikufa kwa kodeini ya kipimo sahihi baada ya kufanyiwa upasuaji wa mafindofindo. Tangu 2017 Marekani imekataza kodeini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, na imeonya mama wanaonyonyesha wasizitumie.

Tramadoli ikizidi huleta pia degedege, na naloksoni haiondoi degedege hiyo.

Pombe na diazepamu ukichanganya na dawa hizi, pumzi inashushwa kutoka pande mbili, na naloksoni inashika upande mmoja tu.

Vidonge vyenye kodeini na parasetamoli vina kifo cha pili kilichojificha. Mgonjwa akiokolewa pumzi, parasetamoli inaendelea kuliharibu ini kimyakimya, na macho ya manjano yanakuja baada ya siku kadhaa. Dawa yake, asetilisistini, hufanya kazi vizuri kabisa ikitolewa ndani ya saa 8.

Loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha inayouzwa kila duka, nayo ni ukoo huu. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida hakiingii kwenye ubongo. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe kamwe. Mpe maji ya ORS na zinki.

Kiraka cha fentanili kinachobandikwa ngozini kwa siku 3 kikitolewa bado kina dawa ya kutosha kumuua mtoto. Watoto wamevikuta kwenye taka wakajibandika au wakavitafuna.

Je, wajua siku hatari zaidi kwa mtumiaji wa unga? Ni wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba ya upataji nafuu. Mwili umesahau, mkono haujasahau. Kipimo alichokimudu mwaka jana leo kinamzima. Ndugu wanaomkaribisha nyumbani kwa shangwe wajue hilo, wajue na namna ya kupuliza pumzi, bila kumsimanga.

Je, wajua kuwa Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, mpango wa kwanza wa umma wa aina hiyo katika Afrika bara kusini mwa Sahara? Kenya ilifuata. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku, na utaratibu huo ambao wengine huulalamikia unazilinda nyumba: mtoto mdogo anaweza kuuawa na dozi moja ya mtu mzima iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda.

Baada ya kusema haya yote, sitaki mtu amnyime mgonjwa wake mofini. Ripoti iliyotolewa na jarida la Lancet mwaka 2017 ilionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa hizi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu. Watu wetu wengi wanakufa wakiwa na maumivu ambayo dawa yake inajulikana kwa miaka mia mbili. Uganda imefanya mengi: tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, mofini ya maji imefika vijijini, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Ikipimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, badala ya kijiko cha jikoni, na ikiongezwa taratibu, mgonjwa husinzia na kuhema polepole muda mrefu kabla ya kufika kwenye hatari. Familia inayojua kuhesabu pumzi inaweza kuipa bila woga.

Na mkifika mapokezi, hasa na mtoto, mhudumu atauliza mambo manne: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, ana kilo ngapi. Beba kibahasha, chupa, hata kidonge kilichobaki kwenye mkeka. Usifiche kama ni unga. Mhudumu anahitaji jibu hilo ili achague dawa, na kulificha kunachelewesha sindano. Uzito wa mtoto umeandikwa kwenye kadi ya kliniki.